Hila ya Rose Bowl



Tumeombwa tunene juu ya kupanga washangiliaji uwanjani, nasi twaleta habari ya Pasadena, Marekani, Januari 2, 1961, timu ya chuo cha Washington ilipopambana na Minnesota katika mpira wa Kimarekani. Kila mshangiliaji wa Washington alipewa makaratasi ya rangi pamoja na maagizo. Ishara ikitolewa, huinua rangi aliyoagizwa. Lakini picha yenyewe haioni, huonwa na waketio ng'ambo.

Basi wanafunzi wa Caltech, chuo cha papo hapo Pasadena kisichokuwamo katika mchezo, wakaiba nakala moja ya maagizo, wakapiga chapa nyingine 2,232, wakazigeuza moja moja kwa mkono. (Sisi makarani twaujua uchovu huo!) Viongozi wa Washington walipokwenda kutembea Disneyland, wakazibadilisha zote. Picha ya kumi na nne ilipoinuliwa, neno likasomeka mbele ya televisheni: CALTECH. Watu wale walikuwa watiifu kabisa. Kwa maoni yetu kosa ni la aliyeacha maagizo bila kuyakagua tena asubuhi ile. Washington walishinda, 17 kwa 7.