NYUMBA YA UDONGO SI NYUMBA YA AIBU

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa na fundi mwashi mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Yanachapwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimeombwa niseme juu ya nyumba, nami nitasema juu ya udongo. Najua ya kwamba wengine wenu mtacheka. Mtu ameiacha nyumba ya kukandika kijijini, amekaa mjini miaka 20 akilipa kodi ya chumba kimoja, sasa aambiwe arudie udongo! Nawaomba mnisikilize hadi mwisho, kisha mcheke kama bado mnataka.

Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 31, yasema mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa, au amwongezee fedha ya kutosha kodi, isipokuwa pale ambapo fedha hiyo imekwisha kuunganishwa na mshahara. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya nyumba. Tena Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 iliweka makato ya asilimia 1.5 ya mshahara wote, na mwajiri naye atoe kiasi kama hicho. Basi haki imeandikwa, na fedha zetu zimo. Lakini wengi wetu, nyumba tutakayoimiliki ni ile tutakayoijenga wenyewe, nyumbani kwetu au katika kiwanja tulichonunua pole pole kwa ushirika. Na hapo ndipo bei ya vifaa inapotushinda. Mtu hununua mawe mwaka huu, mabati mwaka ujao, na simiti inagandia ghalani kabla hajainua ukuta.

Udongo ninaousema si ule wa kukandika. Nyumba ya kukandika ina fito zinazoliwa na mchwa, na ukuta wake huoshwa na mvua kila masika. Huu wa sasa huchekechwa, huchanganywa na simiti kidogo na maji kidogo, kisha hushindiliwa ndani ya mtambo wa mkono hata ukawa tofali gumu. Haliingii tanuri, wala halitaki kuni. Mtambo wa kwanza wa namna hii ulibuniwa na mhandisi Raúl Ramírez huko Bogotá, Kolombia, katika miaka ya 1950. Leo mitambo ya jinsi hiyo hutengenezwa hapa hapa Nairobi, na tangu 1993 Kenya ina kanuni ya viwango kwa matofali ya udongo uliotiwa simiti.

Wale wanaosema udongo ni kazi ya maskini, waulizeni habari za Shibam, katika Hadhramaut, walikotoka wazee wengi wa pwani yetu. Huko yako majumba ya ghorofa nyingi yaliyojengwa kwa matofali ya udongo, na mji umesimama tangu karne ya 16. Na Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyejenga shule ya kijiji chake Gando kwa matofali ya udongo uliotiwa simiti, alipewa mwaka 2022 tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kabisa kwa wachoraji wa majumba.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni udongo. Ondoeni ule wa juu wenye mizizi na mbolea, mchimbe ule wa chini yake. Udongo mwekundu wenye mchanga hufaa. Udongo mweusi unaonata na kupasuka wakati wa kiangazi haufai, maana huvimba kwa maji na kunywea kwa jua.

Wala msikisie, pimeni. Tengenezeni kisanduku cha mbao cha sentimita 60 kwa urefu, 4 kwa upana na 4 kwa kina. Kipakeni mafuta ndani, mkijaze udongo uliolowa, mkiweke juani siku 3. Udongo ukikauka, usukumeni upande mmoja, kisha pimeni pengo. Likiwa chini ya sentimita 1 na robo, tieni simiti sehemu 1 kwa udongo sehemu 18. Likikaribia sentimita 5, tieni sehemu 1 kwa 12. Likizidi hapo, udongo una ufinyanzi mno: ongezeni mchanga mpime tena, au tafuteni mwingine.

Jambo la pili ni hesabu. Tofali la sentimita 29 kwa 14 kwa 11 na nusu lina uzito wa kilo 8 hivi au 9. Mfuko mmoja wa simiti wa kilo 50 hutoa matofali karibu 100 kwa udongo mzuri, na 60 na zaidi kwa ule unaotaka simiti nyingi. Nyumba ndogo yenye mita za mraba 80 za ukuta hutaka matofali 2,200 hivi. Basi mifuko ni kati ya 22 na 36, bila kuhesabu msingi, sakafu na udongo wa kujengea. Watu 5 wakitoa matofali 300 kwa siku watamaliza kwa siku 8, yaani mishahara 40 ya siku moja moja.

Hebu tazameni, ndugu zangu, fedha hiyo inakwenda wapi. Fedha ya simiti huenda kiwandani, ambako chokaa huchomwa kwa moto wa nyuzi 1,450, na kazi hiyo duniani kote hutoa karibu sehemu 8 katika 100 za hewa ya ukaa inayotiwa angani na binadamu. Fedha ya kushindilia tofali hubaki mkononi mwa vijana wa mahali pale.

Jambo la tatu ndilo linaloharibu nyumba nyingi. Tofali likitoka mtamboni laonekana limekwisha, kumbe bado. Sharti lifunikwe kwa nailoni na kunyunyiziwa maji siku 7 kwa uchache, kisha liachwe kivulini likomae hata zitimie wiki 4. Kadhalika msingi uwe wa mawe au zege na uinuke juu ya ardhi, na paa litoke nje vya kutosha kuukinga ukuta. Ukuta unaokaa majini utabomoka, hata ungetiwa simiti namna gani.

Hapo ndipo chama kinapohusika. Kijana akilipwa kwa idadi ya matofali tu, atakimbilia idadi: hatachekecha, hatapima, hatanyunyiza maji. Baada ya mvua mbili ukuta ukimeguka, watu watalaumu udongo, na kazi yetu itapotea. Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Mosi, bei ya kazi ipatanwe kabla ya mtambo kuinuliwa, na siku za kunyunyiza maji zilipwe kama siku za kazi. Pili, wanaovuta mkono wa mtambo wapokezane, na wanaochanganya simiti wapewe glavu na vitambaa vya kufunika pua. Tatu, tawi linunue mtambo mmoja wa shirika, na mwashi mwenye cheti awafundishe wanachama kupima udongo kabla mtu hajatumia senti yake.

Sikuwaambia ya kwamba udongo utamaliza shida zote. Hautapunguza bei ya kiwanja, wala matofali haya ya mkono si ya majengo marefu ya mjini; ni ya nyumba ya chini, au ghorofa moja chini ya mkono wa mhandisi. Michoro nayo sharti ipelekwe kwa ofisi ya kaunti kama ya nyumba nyingine yoyote. Lakini mwanachama mwenye kiwanja chake na udongo mwekundu chini ya miguu yake, asikae akingoja mawe miaka 10. Ukuta wake yuko juu yake.

Umoja ni nguvu.