Programu ya Katuni kwa Mtoto Anayeanza
Ndugu wazazi wa Bukoba na Muleba, mtoto akiomba programu ya kutengenezea katuni, tusikimbilie kutoa fedha za kahawa. Pencil2D na Scratch hupatikana bure kihalali, na toleo la kompyuta likishawekwa hufanya kazi bila intaneti. Blender nayo ni bure, lakini huhitaji kompyuta yenye uwezo mkubwa. Fundi akitaka malipo, mwulizeni analipisha programu au kazi ya kuiweka, kisha ombeni risiti. Programu ya kulipia kila mwezi, someni kwanza masharti ya kusitisha. Katuni ya sekunde 10, kwa picha 12 kila sekunde, ni michoro 120. Mtoto akiimaliza, ndipo tufikirie kununua.