Dishi la Ng'ambo na wenye hisa wa mbali

Ukipita Ng'ambo hapa Tabora utaona dishi la DStv juu ya bati lenye kutu, waya wake unaning'inia nje ya dirisha. Kifurushi kilikwisha, mwenyewe hakulipia tena.

Dishi kama hilo ndilo linalowakosesha usingizi wenye hisa. Katika mwaka ulioishia Machi 2025, MultiChoice ya Afrika Kusini, mmiliki wa DStv, ilipoteza wateja milioni 1.2, wakabaki milioni 14.5. Sarafu za nchi nyingine zilishuka, na mapato ya matawi yakayeyuka kila yalipogeuzwa kuwa randi. Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ikakamilisha kuinunua, randi 125 kwa hisa, na sasa inabana matumizi.

Mji huu unaujua mtaji wa mbali. Zamani misafara ya biashara ilifika hapa na bidhaa za mkopo; tajiri Taria Topan wa Unguja alimkopesha mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip. Lakini mdai wa pwani alijua kuwa masika hukwamisha msafara, akasubiri.

Wamiliki wapya, kabla ya kubana zaidi, sikilizeni: mkulima wa tumbaku wa Urambo hulipwa kwa msimu. Mwekeeni kifurushi cha msimu.