Msaada wa Makampuni: Faza Iombe Nini?



Septemba 2009 moto uliruka kutoka paa moja la makuti hadi jingine, na sehemu kubwa ya mji huu ikawa majivu. Mamia ya familia walibaki bila makao. Bati, blanketi na unga vilipaswa kuvuka bahari, tena kwa kungoja maji yajae. Ndiyo maana hapa msaada haupimwi kwa ukubwa wa hundi. Hupimwa kwa kile kinachobaki boti ikishaondoka.

Makampuni makubwa ya Kenya yana utaratibu wa kutoa. Wakfu wa Safaricom ulianzishwa 2003, na tangu 2019, kupitia Ndoto Zetu, mwananchi wa kawaida huandika hitaji la jamii yake na kuliwasilisha. Benki ya Equity ina ufadhili wa Wings to Fly tangu 2010, kwa watoto werevu wa familia zisizojiweza wanaoingia sekondari. Mwaka 2011, wakati wa ukame, Kenyans for Kenya ililenga shilingi milioni 500, ikapita kiwango hicho. Wengi walituma kidogo kidogo kwa simu.

Kisha kuna wafanyakazi wanaojitolea wenyewe. Huja siku moja na fulana za kampuni, hupaka rangi darasa, hupanda mikoko, hupigwa picha. Si vibaya. Lakini Faza haina uhaba wa watu wanaojua kushika brashi. Mhasibu akikaa na kikundi cha kina mama asubuhi nzima akawaonyesha kuandika daftari la mapato na matumizi, hiyo ni faida ya miaka. Na jabia lililopasuka, kampuni ikileta saruji na wenyeji wakatoa nguvu, mvua ijayo haitapotea.

Zahanati ni jambo jingine. Kwa Katiba ya 2010 vituo vya afya ni jukumu la kaunti, kwa hivyo kabla jiwe la msingi halijawekwa, kamati iiandikie idara ya afya: muuguzi atatoka wapi, dawa zitaingia bajeti ya mwaka gani, maji je? Jengo lisilo na muuguzi ni ghala la popo.

Tena watu wasichanganye hisani na haki. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi zaidi ya 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76. Ile ni fidia. Mvuvi aliyepoteza mahali pa kutega hapewi mpira na jezi akaambiwa ashukuru, wala kupokea jezi hakumwondolei dai lake.

Anayeomba aombe kwa maandishi: barua moja, hitaji moja, muhtasari wa kikao wenye sahihi, na akaunti ya kikundi, si ya mtu. Makadirio ya gharama yahesabu nauli ya boti na upakuzi, maana bei ya saruji Mokowe si bei ya saruji Faza.

Na wageni wakitaka kuja kujitolea, manahodha waulizwe kwanza saa za maji. Boti ikipwelewa, siku ya kujitolea imekwisha mchangani.