Kopo Juu ya Paa: Hotuba kwa Wananchi wa Mpakani



Usiku mmoja huko Mbale kijana alikimbilia kituoni kwetu. Majirani walikuwa wakimwita jasusi kwa sababu ya kopo la maziwa alilolifunga kwenye mlingoti juu ya paa. Tunakiri kwamba hata askari wetu mmoja alitaka kulichukua kopo hilo kuwa kielelezo kabla ya kuuliza ni kitu gani. Lilikuwa antena, ya kutafutia mtandao wa mbali usiotumia waya.

Antena ya kawaida hueneza mawimbi pande zote, mfano wa taa ya chemli. Hii huyakusanya upande mmoja, kama tochi. Kwa hiyo mwenye kuifunga huigeuza polepole, husimama kidogo, husoma nguvu ya mawimbi kwenye skrini, kisha huigeuza tena. Mawimbi ya gigahezi 2.4, yenye urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, hufyonzwa na majani mabichi na huzuiwa na mlima. Aliyeko Mbale akiielekeza kwenye jabali la Wanale asitarajie kupata kitu cha ng'ambo yake. Jinja, juu ya maji ya ziwa, hakuna miti. Lakini maji huyaakisi mawimbi na kuyavuruga, hivyo mlingoti mrefu husaidia. Kebo nayo iwe fupi, maana kebo ndefu na nyembamba huyala mawimbi njiani.

Hofu yetu kubwa, tukisema kweli, ni nyaya za umeme. Mlingoti usimikwe mahali ambapo ukianguka hauwezi kuzigusa, na mtu asipande paani mawingu ya radi yanapokusanyika.

Sasa sheria. Kuona jina la mtandao kwenye skrini si ajabu. Simu zenu hufanya hivyo kila siku. Kuingia katika mtandao wa mtu bila idhini yake, au kunasa mawasiliano yake, ni jambo jingine. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inalikataza, na kusema "nilitaka kusoma tu" hakuhalalishi kitendo. Mawimbi hayaonyeshi pasipoti pale Busia wala Malaba, lakini mtandao wa upande wa pili una mwenyewe, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018.

Nanyi majirani, mkiona chombo msichokifahamu, mwiteni mwenyekiti wa LC au njooni kwetu. Msimpige mtu kwa dhana. Tungechelewa kidogo usiku ule, leo tungekuwa tunazungumza juu ya maiti.

Kopo lile lingali juu ya paa. Limeelekezwa kwenye duka la mjomba wake kijana, ambaye amempa nenosiri kwa hiari yake, na mwenyekiti wa kijiji amepanda mwenyewe kulitazama.