Hesabu ya Karanga: Maneno ya Halmashauri Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumeagizwa kunena juu ya faida ya karanga, nasi twaona ni heri tuanze na mbegu, kwa kuwa hapo ndipo mkulima mdogo hupata au hukosa. Mwenye mahindi hutosheka na kilo 10 hivi za mbegu kwa ekari. Mwenye karanga hana budi kuwa na kilo 30 hadi 40 zilizomenywa. Na ekari hiyo, ikilimwa kwa jembe na mvua ikiwa ya wastani, aghalabu hairudishi ila kilo mia tatu na kitu. Basi fungu moja katika kumi si la chakula wala la soko.

Tena kuna maganda. Karanga kilo 100 zikimenywa hubaki 65 au 70, na kazi ile ya kumenya usiku kucha haiandikwi daftarini, maana ni ya akina mama. Yafaa iandikwe.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama tofali, na mwaka 1951 mpango ukaachwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimepotea. Hatuwacheki. Wao walikuwa na hazina ya kulipia kosa. Kosa letu sisi hulipwa kwa karo ya mtoto.

Nalo kosa letu twaliungama. Msimu uliopita tulipokea magunia ghalani kabla hayajakauka, ilhali kila mzee hapa ajua kuwa karanga kavu ukiitikisa hulia ndani ya ganda lake. Zikaota kuvu. Mnunuzi akazikataa, naye alikuwa na haki, kwa kuwa sumu kuvu haiondoki kwa kukaangwa wala kwa kupepetwa. Mmoja wetu alishauri tuwape kuku. Tulimkumbusha kwamba mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na sababu ikaonekana kuwa ni mashudu ya karanga yenye sumu hiyo. Tukazifukia.

Sasa jambo zito. Fedha za mbegu zilikopeshwa mfuko wa mazishi, hazikurudi kabla ya mvua. Hakuna awezaye kumlaumu mtu kwa kumzika nduguye. Chama hiki kilianzishwa kwa ajili hiyo. Lakini waliokosa mbegu walipanda wakiwa wamechelewa, tena kwa nafasi pana, na vidukari wakawaletea rozeti, majani yakajikunja, mashina yakadumaa. Wengi wao ni wajane.

Kwa hiyo twaomba mbegu ziwekwe kama mbegu, si kama fedha: katika maganda yake, zikiwa kavu, ghala likiwa na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mweka hazina na mmoja kwa akina mama. Anayekopa kilo 30 arudishe 35 baada ya mavuno. Wazee watakaopinga twawasihi waseme leo, mbele ya wote, kabla ya kura kupigwa.