Akili na Mizani

Kwetu Ilembo mahindi hupimwa kwa debe. Je, akili ya mtu hupimwa kwa nini? Mwaka 1934 Daktari F. W. Vint wa Nairobi aliandika kwamba amechungua bongo 100 za wenyeji wa Kenya waliokufa, na wastani wa uzito ni gramu 1,276, pungufu kuliko za Wazungu. Basi wakatokea watu wakadai kuwa elimu kubwa haimfai Mwafrika. Ajabu gani hii! Uzito wa ubongo hufuata pia ukubwa wa mwili, wala hausemi mtu ameelewa nini. Mfaransa Anatole France alipewa Tuzo ya Nobel kwa uandishi wake mwaka 1921. Alipokufa mwaka 1924 ubongo wake ulitiwa mizanini: gramu 1,017.